Namba Saba

Tangu jana jioni mama anapiga hesabu.
Si ya kodi, si ya gesi. Ni ya nyonga yake ya kushoto.
"Nikisema tisa, wataona nimefuata vidonge.
Nikisema tano, watanipa karatasi yenye michoro
ya mwanamke mwembamba akijinyoosha sakafuni."
Analamba kidole kama anayehesabu noti,
anatua kwenye saba.
Saba ni namba ya mtu mwenye adabu.

Asubuhi Toledo yote iko chini ya theluji.
Mama anavaa koti la kanisani, la zambarau,
hereni za lulu, na ile kofia
inayotoka kabatini Pasaka na mazishini tu.
Kuinama hawezi; viatu namfunga mimi.
"Wakikuona nadhifu," ananiambia utosini,
"husita kidogo kabla ya kukudhania."

Miaka thelathini na moja alifua mashuka ya hospitali hii hii,
huko chini, kwenye ghorofa isiyo na dirisha,
toroli la nguo mbichi likimvuta upande wa kushoto.
Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake,
lakini mama alivijua vitanda vyote:
nani katapika, nani katokwa damu,
nani kalia hadi mto ukaloa pande mbili.
Hakuwahi kuliuliza shuka lina namba ngapi.

Daktari Haldane ana mikono misafi na saa yenye haraka.
Anaisalimia kompyuta.
"Kuanzia sifuri hadi kumi?"
"Saba," anasema mama, mgongo wima, mkoba magotini.
Anamtupia jicho: koti, lulu, tabasamu.
Namwona akiichukua ile saba
na kuipunguza kimyakimya, kama mnunuzi
anayejua bei imepandishwa kwa ajili yake.
Anaandika nne.

Ng'ambo ya barabara yetu anaishi Dolores Wisniewski.
Nyonga ileile, upande uleule, daktari huyu huyu,
hata jina la ugonjwa kwenye faili ni moja.
Yeye alikwenda na ndara, nywele hazijachanwa,
akasema nane, akalia kidogo,
akatoka na chupa ya vidonge na miadi kwa bingwa wa mifupa.
Hakuelewa kwa nini mama alirudi na michoro.
Alipoelewa, alikaa kwenye ngazi zetu, uso umemwiva,
asipate la kusema.
Tangu hapo huja usiku,
vidonge vinne ndani ya kitambaa kilichokunjwa,
kama mtu anayerudisha chumvi aliyoazima.

Leo mkojo umesema.
"Kuna dawa humu ambayo sikukuandikia."
Sasa ndipo anageuka kutoka kwenye kompyuta.
Sasa ndipo anamtazama mama machoni,
mara ya kwanza kwa miaka miwili,
na anachokiona si nyonga.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Na aliyeyataja?
Huyo huumbuliwa na maabara.

Nangoja mama alitaje jina la Dolores. Halitaji.
Nangoja alie. Hajui kulia mbele ya watu;
pengine hilo nalo linaandikwa mahali.
Anashika ukingo wa kitanda, anashuka,
mguu mmoja, kisha wa pili, baada ya muda mrefu
ambao daktari anautumia kuandika.
Halafu anaigeukia ile karatasi nyeupe iliyotandikwa,
imekunjamana pale alipokuwa amekaa.
Anaing'oa. Anaikunja pembe kwa pembe,
tena pembe kwa pembe, kiganja kikinyoosha,
mpaka inabaki mraba mdogo kama barua.
Anamwekea mezani.

"Ilikuwa tisa," anamwambia, na tunatoka.

Ndani ya lifti ananiegemea kwa uzito wake wote,
kofia imekaa upande, lulu baridi shavuni mwangu.
"Nimemdanganya," ananong'ona.
"Hata hiyo tisa nimeipunguza."